Hosta yangu inapoteza weupe: niipe mbolea gani?

SWALI: Nina hosta, mmea wa bustani unaopendwa kwa majani yake, aina ya 'Undulata' kivulini, majani meupe katikati, kijani pembeni. Msimu huu machipukizi kadhaa yametoka kijani kitupu. Nimeshauriwa niipe chumvi ya Epsom (yenye magnesi) na chuma, kisha niihamishie juani ili weupe urudi. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Iache kivulini, na hiyo chumvi usiitie kabisa.

Kila msimu naulizwa hili, na kila mara kuna mtu ameshauza kopo la "kurudisha rangi". Weupe wa hosta hauletwi na njaa. Ni seli zilizozaliwa bila uwezo wa kutengeneza klorofili (rangi ya kijani ya majani), zikiishi tabaka kwa tabaka na seli za kijani. Mpangilio huo huamuliwa kwenye ncha ya chipukizi, jani likiwa bado halijafunguka. Magnesi na chuma husaidia mmea kutengeneza klorofili, yaani kijani! Vitaletaje weupe? Nalo jua la mchana hubabua sehemu nyeupe zikawa kahawia na kukauka kama karatasi.

'Undulata' inajulikana kwa kugeuka hivi. Huweza kutoa machipukizi yenye weupe pembeni, yaani 'Albomarginata', na mwisho kijani kitupu, 'Erromena'. Fukua udongo taratibu mpaka uone chipukizi la kijani linapoungana na shina mama, ulikate hapo pamoja na mizizi yake. Kukata majani tu hakusaidii, litachipua tena. Usichelewe pia: kijani hujitengenezea chakula kingi zaidi, hukua haraka na kuufunika weupe.

Kinachonikera zaidi ni kwamba watu wanaodhani rangi ni jambo la dawa ndio wanaouziwa mimea migonjwa. Kirusi X cha hosta kilitambuliwa mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lakini kabla ya hapo na hata baadaye mimea yenye kirusi iliuzwa kama aina mpya za kupendeza, 'Breakdance' na 'Leopard Frog' zikiwemo. Tazama mishipa ya jani: rangi ikisambaa kandoni mwake kama wino uliolowa, na nyama ya jani ikiwa imekunjamana hapo, usinunue. Hakuna dawa ya kupulizia inayokiua, anayekuuzia anakuibia. Mmea ulioambukizwa ung'olewe wote na mizizi yake, usitupwe kwenye mboji. Kirusi husafiri kwa utomvu, kwa hiyo kisu utakachokatia chipukizi lako kioshe kwa sabuni, kisha kwa maji ya klorini, kabla hujagusa hosta nyingine.