Mpe Sekunde Zake, Kisha Andika Jina Lake

Swali la wiki hii: “Ukiwa kwenye bustani kubwa ya burudani, unamshukuruje mhudumu wa bembea?” Bembea hapa ni chombo chochote cha burudani kinachopandwa. Najua wengi mtajibu bakshishi. Kwenye bembea za Walt Disney World, kule Florida, hilo ndilo jibu baya kuliko yote. Bakshishi pale ni ya anayekuhudumia mezani mgahawani na ya mpagazi wa hotelini. Mwendesha bembea haruhusiwi kuipokea, na anapokataa hangoji kubembelezwa. Ukimsukumizia noti mfukoni umemwachia mzigo wa kwenda kujieleza kwa msimamizi wake.

Anachokihitaji zaidi ni sekunde.

Chukueni rola kosta, ile treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi kwenye reli, yenye viti 24. Ikiondoka kila baada ya sekunde 60, kwa saa moja watapanda watu 1,440. Kila safari ikichelewa sekunde 10 tu, idadi inashuka hadi kama 1,230. Watu zaidi ya 200 wamebaki kwenye foleni kwa sababu ya sekunde 10! Tena kuchelewa kwako hakuishii hapo ulipoketi. Njia ya rola kosta imegawanywa vipande, na mitambo hairuhusu treni mbili kuwa katika kipande kimoja. Yenu isipoondoka, inayofuata inazuiwa na breki nje ya stesheni, abiria wakiwa wamefungwa vitini, juani. Mkizidi kukawia, hata iliyokuwa ikipanda kilima inasimamishwa hukohuko juu. Lawama zote humwangukia kijana aliyevaa beji, kumbe chanzo ni bwana wa safu ya nne anayetafuta pa kuiweka kofia yake.

Basi kofia ivuliwe ukiwa bado foleni. Miwani, simu na funguo viingie mfuko wenye zipu, au kabatini pale yalipowekwa makabati. Kwa jirani za Disney, bustani ya Universal, rola kosta ya Incredible Hulk ina makabati madogo ya bure na mashine ya kukagua vyuma kabla hujafika kwenye treni, kwa hiyo kumbishia mhudumu kwamba “simu yangu haianguki” ni kupoteza pumzi. Ikianguka usimwombe aifuate. Chini ya reli ni eneo lililofungwa, na mtu haingii humo treni zikiwa zinakimbia. Mara nyingi kitu kilichoanguka husubiri hadi bembea ifungwe usiku. Toa maelezo yake ofisini, uendelee na siku yako.

Mhudumu anayepanga safu atakuuliza mko wangapi. Jibu kwa tarakimu, nawe ukijihesabu, na uinue vidole, kwa kuwa kelele za pale humeza maneno. “Familia” si idadi. Wala “sisi na mjomba” si idadi, maana mjomba huwa yuko chooni. Mtu mmoja akihesabiwa vibaya, kiti kinaondoka kitupu au safu nzima inapangwa upya treni ikisubiri. Ukishapewa namba ya safu usiibadilishe na mwenzako kimyakimya. Kama mnataka kiti cha mbele, semeni mapema, kabla hajawapangia, na mkubali kusubiri treni itakayofuata. Akisema leo haiwezekani, imekwisha.

Ukiketi, begi liende linapoelekezwa, mkanda ufungwe, chuma cha mapajani kishushwe hadi kiguse mwili. Kisha mikono juu! Mhudumu ana sekunde chache za kupita kila safu, naye lazima akione kifungo chenyewe, si shati lililokifunika. Test Track, bembea ya magari kule Disney, ina kitepe cha njano kwenye mkanda. Ukiambiwa kivute, kivute, kwa sababu ndivyo anavyohakikisha kwamba mkanda umeshika. Kosa linalowachosha sana ni simu nene iliyobaki mfukoni: inazuia chuma kushuka, na kila mtu anasubiri uichomoe ukiwa umeshabanwa. Na anapomwashiria mwenzake wa kwenye meza ya swichi kwa kuinua dole gumba, usimuige kwa mzaha. Ile ni ishara ya kazi, ya kwamba upande wake uko salama.

Kuhusu kimo cha watoto nitasema bila kupaka mafuta. Space Mountain, rola kosta ya Disney kule Florida, inataka sentimita 112. Kuna wazazi wanaoweka karatasi kwenye viatu au kuzichanua nywele za mtoto ziwe ndefu, halafu wanamfokea aliyeshika kipimo. Vifaa vya kumbana mtu kitini vilitengenezwa kwa miili ya ukubwa fulani, na mhudumu hana ruhusa ya kusamehe hata sentimita moja. Adabu ni kumpima mtoto mlangoni, kabla hajasimama foleni dakika 70 na kulia mbele ya watu. Hapohapo mlangoni ulizia utaratibu wa kupokezana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila wa pili kurudi mwisho wa foleni. Ukiuliza hilo ukiwa tayari kwenye stesheni umechelewa, na kumrudisha mtu nyuma kunasumbua kila aliye njiani.

Bembea ikisimama katikati, tulia kitini na usikilize kipaza sauti. Mara nyingi ni kihisio kimeona jambo lisilo sawa na mtambo ukajizima, kama ulivyoundwa. Anayetangaza huenda hajajua sababu, kwa hiyo kumtukana hakumsaidii fundi. Na mtoto akitapika, jamani, semeni! Watu huona haya, wakashuka kimya, abiria anayefuata akakalia. Ukimwambia mhudumu upesi, anakizuia kiti kile na kuita wa kusafisha.

Ukishuka, toka upande ulioonyeshwa, chukua vyako vyote, sema “asante” huku unatembea. Hotuba hapo hapana. Shukrani yenye uzito huandikwa. Beji ya Disney ina jina la kwanza la mfanyakazi na, kwa kawaida, mahali anapotoka. Vishike vyote viwili, kwa sababu akina Maria ni wengi. Ukitoka nje, fungua programu ya simu ya bustani, sehemu ya pongezi kwa wafanyakazi, au pitia ofisi ya huduma kwa wageni karibu na lango kuu. Taja jina, bembea, tarehe na saa. Saa ni muhimu: wahudumu huzungushwa vituo ndani ya zamu, na aliyekuwa mlangoni saa tisa anaweza kuwa kwenye swichi saa kumi. Halafu eleza alichofanya. “Mhudumu mzuri” hakumwambii kiongozi wake chochote. “Alipiga magoti akamweleza binti yetu kwamba treni itapita gizani, akakubali kupanda” kinamwambia.

Nimalizie na bembea moja inayotuhusu sisi kwa lugha. Kilimanjaro Safaris, katika bustani ya Disney iitwayo Animal Kingdom tangu 1998, ni gari linalozungusha wageni kama dakika 20 kati ya wanyama hai, na kijiji chake wamekiita Harambe, kwa “e” moja. Madereva hufundishwa “jambo”, “asante sana” na “kwaheri”. Mswahili akipanda hutamani kuporomosha salamu zote tangu gari linapoondoka. Ngoja. Dereva yule anaendesha kwenye mashimo, anaeleza wanyama kwa kipaza sauti, na twiga akikatiza njia lazima asimame. Gari likishatia nanga ndipo umwambie “asante, dereva, umetuendesha vizuri”. Akitabasamu tu bila kujibu, usimwone ana maringo. Huenda umeshavuka maneno yote aliyofundishwa.