Ukionja mbegu mpya ya mpunga, onja na kiporo

Mbegu ya mpunga inaweza kuzaa vizuri shambani na bado ikakataliwa jikoni. Supa, mbegu ya kienyeji, ina mmea mrefu, huanguka kwa urahisi na huzaa kidogo kuliko SARO 5, mbegu iliyoboreshwa, lakini haijaachwa, kwa sababu mnunuzi wa Bagamoyo hulipia harufu yake. Kwa kuwa nimeshiriki kuwapikia waonjaji wali wa mbegu za majaribio, nawashauri wanaoanza kazi hii washike kwanza usawa wa sampuli. Mchele mpya hushikana, ilhali uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa maji zaidi na kuchambuka. Ukichanganya huu na ule, utakuwa umepima umri wa mchele, si mbegu. Mpunga wote uwe wa msimu mmoja, ukaushwe hadi unyevu wa asilimia 14 hivi na ukobolewe kwa mashine ileile.

Maabara hutangulia, maana mwanzoni mbegu ni nyingi na mchele wa kila moja ni kiganja tu. Hupimwa amilosi, sehemu ya wanga inayofanya wali uchambuke: asilimia 20 hadi 25 ni ya kati, na inayozidi hapo ni ya juu. Kipimo ninachokithamini sana ni kile cha kulaza punje sita nzima katika mililita 10 za potasiamu haidroksaidi (aina ya alkali) ya asilimia 1.7, kwa saa 23, katika nyuzi 30 za Selsiasi. Kesho yake utakuta nyingine zimeyeyuka kama wingu jeupe, nyingine zimevimba na kupasuka kingo, na nyingine ziko vilevile. Hizo zisizobadilika ndizo zitakazochelewa kuiva, na hilo ni jambo zito kwa anayenunua mkaa kwa kopo.

Hata hivyo, mama lishe hupakua saa nane mchana wali aliopika saa nne, na nyumbani watoto hunywea chai kiporo. Wali wenye amilosi nyingi, hata ukiwa laini jikoni, hukakamaa ukipoa, kwa hiyo waonjaji wapewe wa moto, kisha wapewe uliolala. Duru ya kwanza ipikwe bila nazi, kwani tui hufunika harufu. Duru ya pili iungwe nazi, kama unavyoliwa huku Pwani. Sahani zipewe namba, kwa sababu anayesikia jina la Supa husifu kabla hajatia tonge mdomoni. Muulize pia kila mmoja kama angeununua kwa fedha yake, kisha andika sababu kwa maneno yake mwenyewe.