Ukisoma A Raisin in the Sun, mwangalie Ruth

Kama unafundisha fasihi, unaongoza kikundi cha usomaji, au unajiandaa kuipandisha jukwaani tamthilia ya mwandishi mweusi wa Marekani Lorraine Hansberry, A Raisin in the Sun, nina ombi moja: usianze na hundi.

Karibu kila mtu huanza nayo. Dola 10,000 za bima ya maisha ya marehemu mzee Younger zinasubiriwa na familia nzima, ya watu weusi, katika nyumba ya kupanga upande wa kusini wa Chicago. Mama Lena, mjane, anataka nyumba yenye bustani. Mwanawe Walter, dereva wa tajiri wa kizungu, anataka kufungua duka la pombe na wenzake. Beneatha, binti wa Mama, anasomea udaktari na anahitaji ada. Mjadala ukianzia hapo unageuka kesi ya mirathi: nani mwenye haki, mama au mtoto wa kiume? Wanaume wanamtetea Walter, wanawake wanamtetea Mama, muda unakwisha, na Ruth, mke wa Walter, hajatajwa hata kwa bahati mbaya.

Nimeisoma tamthilia hii na wanafunzi, nimeisoma na watu wazima wenye familia zao, na nimeona mazungumzo yanavyokuwa mengine kabisa tukianza na senti 50.

Ni onyesho la kwanza, asubuhi. Travis, mtoto wa Ruth na Walter, amelala kwenye kochi sebuleni kwa sababu vyumba havitoshi, na bafu liko nje kwenye korido, likigombaniwa na majirani. Travis anaomba senti 50 za kupeleka shule. Ruth anamwambia hana. Walter anasikia, anatia mkono mfukoni, anampa mtoto hizo 50, tena anamwongezea 50 nyingine anunue matunda au apande teksi. Muda si mrefu anatoka kwenda kazini, kisha anarudi mlangoni: hana nauli. Ruth anafungua pochi na kumpa. Hamsimangi. Anamtania kwa upole tu, naye apande teksi.

Kisomeni kipande hicho kwa sauti, mkirudie, halafu ulizeni nani mwenye uwezo katika nyumba hii. Baba ameonekana mkubwa mbele ya mwanawe, na gharama ya ukubwa huo imetoka kwa mama aliyekwisha sema hapana. Watu waliooa na kuolewa hawahitaji kusukumwa ili waanze kuzungumza.

Kwenye onyesho hilohilo Walter analalamika kwamba anasimulia ndoto zake na mkewe anamwambia ale mayai. Hapa namshauri kiongozi awe mwangalifu, kwa sababu darasa hugawanyika haraka. Walter asichekwe, wala asikubaliwe kirahisi. Ana miaka 35, kazi yake ni kumfungulia mtu mwingine mlango wa gari, na aibu hiyo ni ya kweli. Lakini anamtupia aliye karibu, mwanamke ambaye naye anafua na kupiga deki kwenye nyumba za watu. Na ni Walter huyohuyo anayemwambia dada yake aende akawe nesi kama wanawake wengine, au aolewe anyamaze. Hansberry hakukuruhusu umchukie wala umwonee huruma ukasahau wengine. Ndiyo sababu naiheshimu sana kazi hii.

Kisha kuna mimba. Ruth anagundua ni mjamzito, na kabla hajamwambia mumewe amekwisha toa dola 5 za kianzio kwa mwanamke anayetoa mimba kwa siri, jambo lililokuwa kosa la jinai. Mama Lena anabaini, anamweleza Walter mbele ya Ruth, na anasubiri mwanawe aseme neno. Walter anatoka nje bila kulisema. Sehemu ya Ruth usimpe mtu yeyote tu ati kwa sababu maneno yake ni machache. Mpe msomaji wako bora, kwa sababu hapo kinachosikika ni kunyamaza.

Mama naye ana mamlaka yake, tusimfanye malaika. Anampiga Beneatha kibao kwa kusema hamwamini Mungu. Anakwenda peke yake kulipa dola 3,500 za kianzio cha nyumba Clybourne Park, mtaa wa wazungu. Baadaye, akimwona Walter anavyodidimia, anamkabidhi 6,500 zilizobaki: 3,000 aziweke benki kwa masomo ya Beneatha, zilizosalia azisimamie yeye kama mkuu wa nyumba. Walter anampa zote mwenzake Willy Harris, naye anatoroka nazo. Watu hubishana kama Mama alikosea kumwamini. Swali ambalo ningetaka liulizwe ni jingine: nani alimuuliza Beneatha? Ada yake ilitoka mkononi mwa mama ikaenda mkononi mwa kaka, na yeye mwenyewe akasikia ikiwa imeshapotea.

Beneatha ndiye pia aliyeiingiza Afrika katika nyumba hiyo, kupitia Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria. Kuna mahali anacheza akiwa amevaa vazi alilopewa na Asagai, Walter anaingia amelewa, anaruka juu ya meza na kutangaza kwamba Kenyatta ni mtu wake. Wasomaji wetu hufurahi wakilisikia jina hilo. Simameni hapo kidogo. Tamthilia ilipofunguliwa Broadway mnamo Machi 1959, Kenyatta, aliyehukumiwa Kapenguria mwaka 1953, alikuwa bado hajaachiwa huru. Dereva wa Chicago anatafuta nguvu kwa mfungwa wa mkoloni! Lakini nguvu anayoiota ni ya mashujaa wa kiume wenye mikuki. Hata Asagai, msomi anayepigania uhuru wa nchi yake, anamwambia Beneatha kwamba kwa mwanamke mapenzi yanatosha. Naye anamjibu kwamba hayo ndiyo yaliyomo kwenye riwaya wanazoandika wanaume.

Historia ya nyumba msiiruke, la sivyo bwana Lindner, mjumbe wa wazungu wa Clybourne Park anayekuja kwa adabu kuwalipa wasihamie mtaani kwao, ataonekana mtu mmoja mbaya tu. Chicago ilikuwa na mikataba ya wenye nyumba iliyokataza kuwauzia au kuwapangishia watu weusi. Baba yake Hansberry, Carl, alihamishia familia yake katika mtaa wa namna hiyo mwaka 1937. Kesi ya kumtoa humo ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, akashinda mwaka 1940 kwa hoja ya kiutaratibu, mikataba yenyewe ikabaki. Kesi inaitwa kwa jina la ukoo wake, na wanasheria wanaisoma hadi leo. Lakini binti yake alipoandika juu ya miaka hiyo, alikumbuka kutemewa mate na kupigwa njiani kwenda shule, na akamkumbuka mama yake akizunguka nyumbani usiku kucha na bastola yenye risasi, akilinda watoto wanne wakati baba yuko Washington. Mama huyo hayumo kwenye jina la kesi.

Namwona kwa Ruth. Fedha zikishapotea, Mama anakata tamaa na kusema wabaki walipo. Ruth ndiye anayekataa. Atafanya kazi saa 20 kwa siku katika majiko yote ya Chicago, atambeba mtoto mgongoni akisugua sakafu, ila lazima wahame. Hotuba ya Walter ya kumkatalia Lindner inakuja baada ya hapo, na Mama anamsifu kwa kuwa ameingia utu uzima wa kiume siku hiyo. Anayeambiwa maneno hayo ni Ruth. Muulizeni msomaji wenu anayajibu kwa uso gani.

Jambo la mwisho ni la kiutendaji: tafuteni toleo kamili. Mwaka 1959 sehemu kadhaa zilikatwa jukwaani, ikiwemo ile ya Beneatha kuacha nywele zake za asili, na ile ya jirani, Bi Johnson, anayeleta gazeti lenye habari za familia ya watu weusi iliyolipuliwa bomu nyumbani kwake.