Ukitaka Kuigiza Maisha ya Mwimbaji, Anza na Nyimbo Zake

Hawakosekani pale National Theatre, Nairobi: kijana anafanana na mwanamuziki fulani wa zamani, anataka filamu ya maisha yake, na staa awe yeye. Skripti iko, suti ya kizamani imeshashonwa. Muulize nyimbo ni za nani. "Si ni za marehemu?"

Mara nyingi sivyo. Wimbo mmoja una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi. Miaka ya 1960 wanamuziki wengi wa Nairobi walirekodia kampuni kama Equator Sound, kwa hiyo familia inaweza kukupa baraka na albamu nzima ya picha, na bado rekodi iwe mali ya wengine. Utunzi nao una kesi zake: "Malaika" ilivuma kwa sauti ya Fadhili William, lakini wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim. Sheria ya Kenya hulinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Fadhili na mwimbaji mwenzake Daudi Kabaka walifariki 2001, piga hesabu mwenyewe. Ulizia KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, ila usajili si lazima. Jina kukosekana kwao si ruhusa ya kuutumia wimbo.

Kwa familia, nenda na mtu mzima, na uwasikilize wajane wote, si yule aliyezoea kuhojiwa tu. Mkikubaliana, andikianeni.

Halafu amua utaimba au utafuatisha midomo. Katika "Ray" ya 2004, Jamie Foxx alipiga piano mwenyewe, lakini sauti tunayosikia kwa sehemu kubwa ni ya Ray Charles. Hiyo inahitaji ruhusa ya rekodi. Ukiimba upya, unabaki na mwenye utunzi peke yake. Kwa bajeti zetu, mimi ningeimba.

Wengi hukazana na sauti wakasahau mikono. Ukimwigiza mpiga omutibo, mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya, kama George Mukabi, gumba linashika besi, kidole cha shahada kinapiga nyuzi za juu, na pembeni kuna mtu na chupa ya Fanta anatoa mdundo. Ukizikwangua nyuzi zote kwa pamoja, wazee wa Magharibi watazima televisheni kabla hujafungua mdomo. Tafuta mpigaji halisi akufundishe, umlipe, na mazoezi yaanze miezi mingi kabla ya kamera.

Usikimbilie filamu nzima. Piga dakika tatu, wimbo mmoja wenye ruhusa, ndipo ubishe hodi kwa watayarishaji.