Maswali yenu kuhusu CV

Nimemaliza stashahada ya uhasibu mwaka jana na sijawahi kuajiriwa. Sehemu ya uzoefu niiache wazi? (Muhitimu, Morogoro)

Usiiache. Field si ulikwenda? Hiyo ni kazi, hata kama hukupewa hata nauli. Shida ni jinsi wengi wanavyoiandika: "Nilifanya field halmashauri, idara ya fedha, wiki nane." Anayesoma hajui kama ulishika hesabu au ulikuwa ukitumwa chai. Andika ulichokifanya hasa: "Kila wiki nililinganisha makusanyo ya ushuru wa soko kwenye mashine za POS na stakabadhi za benki, nikaandaa orodha ya tofauti." Kwa sentensi hiyo moja mwajiri anajua siku ya kwanza akukabidhi nini. Kama POS hukuigusa, usiiandike. Kupanga hati za malipo kwa tarehe nako ni kazi. Na kama likizo ulikaa dukani kwa shangazi, ukifunga hesabu jioni na kutunza daftari la madeni, liingize pamoja na miezi na mwaka.

Halafu futa ile aya ya juu, "mimi ni kijana mchapakazi, mwenye kujituma, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa". Steshenari nyingi wanayo tayari kwenye kompyuta, hubadilisha jina tu.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Fuata lugha ya tangazo. Kwa kazi za serikali kupitia Ajira Portal, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huruhusu barua ya maombi iwe kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili. Kiswahili kilichonyooka ni bora kuliko Kiingereza cha kuazima, maana kwenye usaili utatakiwa kukizungumza.

Jamaa wa steshenari anasema ataniongezea miaka miwili ya uzoefu ili nipite mchujo. Kuna ubaya? (Kijana, Mbeya)

Upo. Mchujo unaweza kuupita. Lakini kwenye usaili utaulizwa msimamizi wako alikuwa nani, mlitumia mfumo gani wa hesabu, kwa nini uliondoka. Tena karatasi humfuata mtu hadi kazini. Uhakiki wa mwaka 2017 uliwabaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na wakaondolewa. Utaniambia vile vilikuwa vyeti, hii ni CV tu. Matangazo ya Sekretarieti hayatofautishi: yanaonya juu ya taarifa yoyote ya kughushi, na kwamba hatua za kisheria zitachukuliwa. Jamaa wa steshenari wakati huo atakuwa ameshakula hela yake.

Nimekaa nyumbani miaka mitatu nikilea mtoto. Nifiche? (Mama wa watoto wawili, Tanga)

Hapana, dada yangu. Miaka isiyoelezwa humfanya msomaji ajitungie yake. Mstari mmoja unatosha: "2021–2024: malezi ya familia." Ila kama katika miaka hiyo ulikuwa mweka hazina wa kikoba, hiyo ni habari kubwa kuliko unavyodhani. Taja idadi ya wanachama, na kwamba ulitunza daftari la hisa na mikopo hadi mgao wa mwisho wa mwaka. Mwajiri anayetafuta mtu wa kushika fedha atasimama hapo.

Picha, dini, kabila, hali ya ndoa?

Toa vyote, labda tangazo liviombe.

Mchungaji wangu anaweza kuwa mdhamini?

Anaweza kusema huna ugomvi na watu. Hawezi kusema kama unafika kazini kwa wakati. Sekretarieti huomba wadhamini watatu. Wawili wawe watu waliokusimamia, mkufunzi au bosi wa field, na mchungaji akikaa wa tatu sina neno. Lakini waombe kwanza. Mdhamini akipigiwa simu akauliza "nani huyo?", hapo umekwisha.

CV iwe kurasa ngapi, na niitumeje?

Mbili zinatosha kwa muhitimu. Itume kama PDF, maana Word hupangua mistari ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Faili lipe jina lako na nafasi unayoomba; "CV mpya final 2" wanazo wengi. Na kabla hujatuma, ipigie namba uliyoiandika uone kama simu inayoita ni yako.