Supu ya choroko kwa joto la Guangzhou, China

Dada, umeuliza kwa nini supu yako ya choroko hugeuka nyekundu, na kama uinywe kila siku kiangazi hiki. Wekundu huletwa na hewa na maji yenye chokaa. Osha gramu 100, tia kwenye lita 1.5 ya maji yanayochemka yenye matone ya ndimu, funika, chemsha dakika 10, chuja. Maji hayo ya kijani ndiyo Wachina huyanywa kuondoa joto mwilini. Punje zirudishe motoni zilainike, ule. Kama huharisha upesi, tumbo lako, kwa tiba ya jadi ya Wachina, ni la "baridi": mara mbili kwa wiki yatosha, tena vuguvugu. Barafu usitie, wanasema hudhoofisha wengu, ambao kwao ndio unaosimamia usagaji wa chakula. Ukipata homa kali na kuchanganyikiwa kwa sababu ya joto, hapo supu haihusiki, kimbilia hospitali.