Uliza Fundi: Maji ya rejeta yanaenda wapi?

SWALI: Habari fundi. Mi niko Jinja, nilinunua kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) used, injini ya cc 500, kwa jamaa waliokuwa wanatembeza watalii kando ya Nile. Naitumia shambani kubeba miwa ya mbegu na dawa ya kupuliza. Shida inachemsha. Nikienda kama dakika 20 hivi taa nyekundu inawaka, nikizima nasikia kitu kinatokota huko ndani, na kila baada ya siku mbili naongeza karibu lita moja ya maji lakini chini ya kwadi sioni hata tone. Fundi wa kwanza alitoa thamostati (kile kivalvu kinachofungulia maji njia ya kwenda rejeta injini ikipata moto) akaitupa, hakuna kilichobadilika. Wa pili anasema gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya silinda na kichwa cha injini) imeenda, nimpe pesa afungue injini. Nimpe?
Msomaji, Jinja

JIBU: Pole sana ssebo (bwana). Pesa usitoe kwanza. Huyo wa pili anaweza kuwa na haki lakini hajapima kitu, na huyo wa kwanza nisimseme sana, ila mtu analalamika tumbo wewe unamnyoa nywele ndio nini hiyo? Thamostati ikikwama imefunga, ndio, injini inachemsha, lakini unaijaribu kwa kuichemsha kwenye sufuria uone kama inafunguka, huitupi tu. Nunua nyingine urudishe, injini ikiendeshwa bila hiyo inachukua muda mrefu kupata moto na oili inachafuka haraka.

Sasa maji. Maji hayapotei bure, yanapita mahali, na umeniambia yanatokota ukizima, hapo mimi macho yangu yanaenda kwa kifuniko cha rejeta kabla ya kitu kingine chochote. Watu wanadhani kile ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike. Si hivyo, kazi yake ni kushika presha, angalia juu yake utaona imeandikwa 1.1 au namba karibu na hiyo, hicho ndicho kipimo cha presha. Huku kwetu tuko juu, Jinja ni zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji kwenye sufuria wazi yanachemka kama kwenye digrii 96, hayafiki 100. Kifuniko kikiwa kizima hayo maji yanavumilia mpaka karibu 120. Kikiwa kimelegea yanaanza kuchemka pale pale ambapo feni ndio inataka kuwaka, yanasukumwa kwenye tanki ndogo ya akiba, tanki ikijaa yanatoka kwa kale kapaipu ka chini wakati uko njiani kwenye vumbi, wewe ukifika nyumbani unainama unaangalia chini unasema mbona pakavu!

Injini ikiwa baridi kabisa, nimesema baridi, wengine wameungua uso kwa haraka, kifungue ukiangalie. Raba ya chini ikiwa imekauka, ina nyufa au ina alama ya kukatika, kibadilishe. Bonyeza spring kwa kidole gumba, inafaa ikupinge kweli kweli. Alafu hakikisha ni saizi yake. Mi niliwahi kufungua injini ya mteja, nikaweka gasketi mpya, nikafunga vizuri na roho safi, jioni hiyo hiyo ikachemsha tena, kumbe mtu alikuwa ameweka kifuniko cha gari, juu kinajifunga vizuri kabisa lakini raba ya ndani haifiki chini inapotakiwa kukaa. Nilirudi kwa yule mzee kichwa chini. Kwa hiyo ukienda Kisekka, soko la spea la Kampala, kutafuta, beba cha zamani mkononi mkipime pamoja, usinunue kwa kusema tu ni ya kwadi.

Ukishaweka kipya chora mstari kwa kalamu kwenye tanki ya akiba asubuhi. Jioni injini ikiwa moto maji yatapanda, asubuhi yanatakiwa yawe yamerudi pale pale kwa mstari. Yakipanda yasirudi, au kifuniko hakiruhusu maji kurudi au kale kahosi ka kwenda tankini kana ufa kanavuta hewa.

Kama bado yanapungua, lala chini upande wa pampu ya maji. Chini ya pampu kuna kitundu kidogo, wengi wakikiona wanadhani ni bolti imepotea na wanakiziba na gundi, usithubutu. Kimewekwa ili sili (raba inayozuia maji ndani ya pampu) ikiharibika ujue kwa kuona. Kukiwa na ukoko mweupe au wa kijani hapo, maji yanavuja kidogo kidogo yanakaukia kwenye injini moto kabla hayajadondoka. Ukiona oili, ni sili ile nyingine ya upande wa oili. Lazia boksi jeupe chini usiku mzima, litakuambia.

Na kwadi ya watalii bwana imekula tope! Ukiangalia rejeta kwa mbele unaona safi, udongo mwekundu umekaa katikati ya zile fini (vibati vyembamba vya rejeta), nyuma karibu na feni, umekauka kama tofali. Osha kutoka upande wa feni kuja mbele, kwa maji ya pole, zile mashine za presha za washingi bei, pale wanapoosha magari, zinalaza fini zote na hapo umejimaliza. Feni yenyewe iunge moja kwa moja na betri, ikizunguka mota ni nzima, tafuta fyuzi, waya au sensa.

Gasketi sasa. Washa injini asubuhi ikiwa baridi na kifuniko kiko wazi, tazama maji. Mapovu yakitoka kidogo yakaisha ni hewa iliyokuwa imebaki, yakiendelea bila kuchoka na ukiongeza kasi ya injini yanaongezeka, hiyo ni gesi ya silinda. Au funga kifuniko, washa, baada ya dakika moja shika hosi ya juu, ikiwa ngumu kama jiwe na bado ni baridi, basi fundi wako wa pili alibahatisha vizuri. Oili ikiwa kama chai ya maziwa usikimbilie gasketi, hiyo kwadi huenda ilipitishwa kwenye maji mengi yakaingilia kwa paipu ya kupumulia. Badilisha oili, endesha pakavu wiki moja, angalia tena pamoja na ule mstari wako wa kalamu.

Ukijaza maji mwisho wa kazi, pandisha magurudumu ya mbele juu ya kitu, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, hewa ikibaki ndani utachemsha hata na spea zote mpya.

SWALI: Fundi, kulanti (yale maji maalum ya rejeta) ni bei, si naweza kuweka maji ya bomba tu? Huku hakuna barafu.
Msomaji, Kasese

JIBU: Barafu unayo mkuu, iko huko juu Rwenzori, ila sidhani unapanda na kwadi. Kulanti inazuia kutu, inalinda sili ya pampu na inachelewesha kuchemka. Maji ya bomba yanaacha ukoko wa chokaa ndani ya rejeta mpaka njia zinaziba. Changanya nusu kulanti nusu maji safi ya betri, ile chupa ya maji, sio ya asidi tafadhali. Na inayomwagika ifunike na mchanga, ni tamu na mbwa wanailamba, inaua.